Sura Yangu Ukutani Kwake

Siku niliyofukuzwa kazi Kasulu, mwenye duka alinirushia mkoba wangu barazani mbele ya wateja, lakini cheti changu alibaki nacho. Kilikuwa kimetiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa juu ya kabati la dawa, na kwenye kona yake ilikuwapo picha yangu ndogo, nimevaa blauzi nyeupe niliyoazima kwa jirani. Nilipoinuka na mkoba wangu niliiona sura yangu mwenyewe ikinitazama kutoka ndani. Sikuthubutu kurudi kuichukua.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Titye. Bibi yangu alivuka kutoka Burundi kwa miguu, baba yangu akiwa mgongoni. Baba alikulia hapa, akalima hapa, akamwoa mama yangu hapa, na mlango wa uraia ulipofunguliwa aliomba, akapewa. Karatasi hizo anazo mpaka leo ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku la bati, na mvua ikianza kunyesha huwa anaamka kwenda kulitazama sanduku kabla ya kutazama paa.

Nilipomaliza kidato cha nne, baba aliuza ng'ombe wake wa pekee ili nikasomee utoaji dawa, kozi inayomruhusu mtu kuhudumu kwenye duka la dawa muhimu. Wenzangu walisinzia kwenye vipindi vya sheria, mimi nikavipenda. Nilipenda jinsi kila sentensi ilivyosimama wima. Duka halipati kibali bila mtu mwenye cheti. Cheti kimoja, duka moja. Asiyekuwepo haandikwi kuwa yupo. Kwa mtoto wa nyumba yetu, ambako kila kitu kilitegemea hisani ya mtu fulani ofisini, maneno hayo yalikuwa kama sakafu ya saruji.

Mwenye duka alinifuata mwenyewe Titye. Alikuwa mke wa mwalimu mstaafu na mwimbaji wa kwaya ya akina mama katika kanisa tunalosali, pale mjini Kasulu. Chumba cha duka alikuwa nacho na mtaji alikuwa nao. Alichokosa ni mtu mwenye cheti. Alimletea mama yangu kitenge na sukari, akamwambia baba, "Mnipe huyu binti. Nitamtunza kama nilivyowatunza wa tumbo langu." Akanipa chumba uani kwake, tukala sahani moja, nami nikamwita Mama. Sikulazimishwa kumwita hivyo. Nilimpenda.

Kilichotutenganisha ni mtoto mmoja wa Heru Juu. Siku hiyo sikuwepo dukani. Nilikuwa nimepewa ruhusa kwenda nyumbani, maana mdogo wangu alikuwa anatolewa mahari. Mama mmoja alikuja na mtoto mwenye homa, na mwenye duka, asiyejua kusoma uzito wa mtoto wala kupima dozi, akampa vidonge vya mtu mzima. Mtoto alizidiwa akalazwa hospitali. Mungu alimponya. Lakini baba yake alirudi dukani kwa hasira akiuliza nani alitoa zile dawa.

Nilipofika asubuhi, Mama alikuwa amefungua kile kitabu tunachoandikia dawa zilizotoka. Akanisogezea kalamu.

"Andika kwamba ulimpa wewe, nusu kidonge, na ukamweleza vizuri. Weka saini yako. Kosa litakuwa la yule mama, hakufuata maelezo."

"Mama, mimi sikuwepo."

"Najua hukuwepo. Ndiyo maana nakwambia andika."

"Siwezi kuandika kwamba nilikuwepo."

Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akiongea. "Unalala kwangu, unakula kwangu, halafu unaninyima saini?"

"Siwezi, Mama."

Hakupiga kelele wakati ule. Alisubiri kesho yake, siku ya soko, baraza limejaa watu. Ndipo mkoba wangu uliporuka. "Mwizi huyu! Anauza dawa zangu kambini kwa wakimbizi! Nimemwokota, nimemlisha, kumbe nafuga nyoka." Nilipofungua mdomo kujitetea, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Na ninyi Warundi hata hizo karatasi zenu za uraia mmezinunua. Rudi hapa kudai chochote, tutakutana Uhamiaji. Wewe na huyo mzee wako."

Wanakwaya wenzake wawili walikuwa pale, wameshika vikapu. Walinijua. Nilikuwa nimekwisha kuwahudumia mara nyingi. Mmoja alitazama kikapu chake, mwingine akatazama barabara.

Nyumbani baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa lugha ya kwetu, "Ihorere, mwana wanje." Nyamaza, mwanangu. "Cheti utaomba kingine chuoni. Jina la nyumba hii tusilipeleke kwenye maofisi." Nilimwelewa. Baba ni mtu aliyeishi maisha yake yote akijieleza mbele ya meza za watu. Kwa hiyo nilinyamaza. Watu wakadhani nimesamehe, maana kwa mbali kunyamaza na kusamehe hufanana.

Nilirudi kwenye jembe. Nilipalilia maharage, nikachimba muhogo, na kila nilipokuwa peke yangu shambani nilimjibu yule mwanamke. Nilimjibu kwa sauti. Nilikuwa na majibu mazuri sana, na hakuna hata moja alilolisikia.

Baadaye nikapata njia. Mjane mmoja wa Kibondo, muuza vitenge sokoni, alitaka kufungua duka la dawa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na alinipenda kwa sababu sikumsifia bila sababu. Chuo kilikwisha kunipa nakala ya cheti, nikaihamisha mizigo yangu Kibondo, tukajaza maombi, tukasubiri. Kilichokuja si kibali. Niliitwa ofisini kwa mfamasia wa wilaya.

Alikuwa kijana wa Tanga, mpole, wa swala tano, aliyepangiwa kazi huku akawa bado anavaa sweta hadi mchana kwa baridi yetu. Alinikaribisha kiti, kisha akasema kwa upole ulioniudhi, "Dada, humu hujasema kweli."

"Kweli gani?"

"Umeandika huna kazi. Wewe unayo kazi. Uko kwenye duka Kasulu. Kibali chake kimehuishwa juzijuzi kwa cheti chako, na kuna barua yako ya kukubali kuendelea."

Nilidhani amekosea mtu. Akageuza karatasi nione. Kulikuwa na jina langu, namba ya cheti changu, na saini iliyojitahidi sana kuwa yangu. Nikamwekea viganja vyangu mezani, vimeshakaa kama magome ya mti.

"Kaka yangu, hii ni mikono ya mtu anayehesabu vidonge?"

Aliitazama kwa muda. Kisha akaivua miwani yake, na sauti yake ikabadilika.

"Basi huyu mama ana makosa zaidi ya moja. Anauza dawa bila mtaalamu. Ametoa maelezo ya uongo ili apewe kibali. Na kila anapoandika kwenye kumbukumbu za duka kwamba wewe umetoa dawa, hilo nalo ni kosa jingine linalojitegemea. Haya si mambo ya kugombezwa, dada. Ni jinai. Kuna faini, kuna kifungo, na kibali kinafutwa."

"Na mimi?"

"Mpaka leo wewe umeonewa. Lakini kuanzia sasa umejua. Ukinyamaza, mtoto akidhurika pale, jina litakaloitwa ni lako, na hutakuwa na la kujibu."

Nikamkumbuka mtoto wa Heru Juu.

Akaendelea, "Unazo njia mbili. Unaweza kuandika barua ya kujiondoa. Ataagizwa alete mtu mwingine mwenye cheti, wewe utafungua huku, kila mtu ataendelea na maisha yake. Au unaandika malalamiko rasmi, na yatafuata mkondo wa sheria mpaka mwisho."

Niliona anategemea nichague ya kwanza. Wasichana wengi wapole wangeichagua.

"Ipi itamuuma zaidi?"

"Ya pili."

"Nipe karatasi."

Niliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri, bila tusi hata moja. Kumtukana mtu kunapoza hasira, na mimi sikutaka yangu ipoe. Yule kijana akapiga muhuri, akaniambia wenzake wa Kasulu watafanya ukaguzi na nitajulishwa. Akanionya nisiende kugombana naye. Nikamwahidi kwamba sitagombana.

Sikugombana. Nilienda kununua dawa.

Nilijitanda kanga hadi kwenye paji la uso, nikachagua saa ambayo akina mama wa kwaya huwa mazoezini. Ndani ya duka alikuwapo mwanamke kijana, mjamzito, ambaye sikuwahi kumwona. Baadaye nilijua ni mkamwana wa mwenye duka, aliyeolewa baada ya mimi kuondoka. Juu ya kichwa chake, ndani ya fremu ileile, nilikuwapo mimi. Walikuwa wanaipangusa vumbi.

"Karibu, dada."

"Asante. Naomba dawa ya mseto. Mume wangu ana malaria."

Hakuuliza kama mgonjwa amepimwa. Hakuuliza uzito wala kama anatapika. Alichukua boksi, akafungua kitabu, akaniuliza jina la mgonjwa, nikamtajia la uongo. Akaliandika. Kisha pale panapotakiwa mtoa dawa kuweka saini, akaandika jina langu. Ulimi ulimtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza herufi. Alikuwa ameizoea saini yangu, anaiweka vizuri kuliko yule aliyeandika ile barua.

Nikaonyesha ukutani kwa kidole. "Yule ndiye wewe?"

"Hapana," akacheka. "Yule ni dada yetu, ndiye mtaalamu wa hapa."

"Yuko wapi?"

"Ametoka kidogo. Kaenda kunywa chai."

"Ni mtu mzuri?"

"Ee, Mama anamsifu sana. Anasema ni binti mwaminifu, hajawahi kumpata mwingine kama yeye."

Nilishika ukingo wa kaunta. Barazani pale pale nilikuwa nimeitwa mwizi na nyoka. Sasa, kwa kuwa nilihitajika ukutani, nilikuwa mwaminifu.

"Akirudi mwambie nimemuulizia."

"Nimwambie nani?"

"Atanijua."

Yule binti hakuwa amenikosea kitu, na sura yake ilikuwa ya mtu anayefanya alichoagizwa na mkwe wake. Ningeweza kumwambia, funga hili duka, nenda kwenu ukajifungue salama. Sikumwambia. Angemwonya mwenye duka, na mwenye duka nilimtaka akutwe hivyohivyo alivyo.

Wakaguzi walikuja baada ya hapo, mwanamume na mwanamke, pamoja na askari mmoja. Waliniomba nikae karibu ili nitambuliwe. Nilikaa kwenye mgahawa wa jirani, nikaagiza chai, sikuinywa. Mwenye duka alifika amejifunga kitenge cha kwaya, akakaribisha wageni viti kwa bashasha. Ukuta kati ya duka na mgahawa ni wa mbao, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mtoa dawa wako yuko wapi, mama?"

"Ah, masikini, amepata msiba. Amefiwa na baba yake huko Titye. Nimempa ruhusa na nauli. Kesho kutwa atakuwa hapa."

Baba yangu asubuhi ile nilikuwa nimemwacha anachonga mpini wa jembe.

Nilitoka mgahawani, nikapita baraza, nikasimama mlangoni na kuishusha kanga yangu mabegani.

"Shikamoo, Mama. Baba hajambo. Anakusalimu."

Nimeona watu wakiogopa katika maisha yangu, lakini sijawahi kuona damu ikihama usoni namna ile. Aliitika "marahaba" kwa mazoea tu, midomo ikiwa mikavu. Mkaguzi wa kike akapanda kigoda, akakitungua cheti, akanipa nikishike karibu na shavu langu. Akatazama picha, akatazama mimi.

"Ndiye," akasema.

"Mwanangu," mwenye duka akaanza. "Mwanangu, kwa nini hukuja nyumbani tukaongea?"

"Nimekuja, Mama. Hapa ndipo uliposema nisirudi, na nimerudi."

Mkamwana alikuwa amejibanza nyuma ya kabati analia. Wakaguzi walichukua vitabu, wakazikusanya dawa, wakabandika karatasi ya kufunga mlango. Watu walikuwa wamejaa nje kama ile siku yangu. Nilitembea katikati yao polepole. Sikuwa na haraka yoyote duniani.

Nilidhani atakimbilia kuomba radhi. Alifanya kile alichokuwa ameahidi tangu mwanzo. Alipeleka taarifa Uhamiaji kwamba nyumba yetu nzima inaishi kwa karatasi za kughushi. Baba akaitwa mjini.

Alivaa koti lake zito ingawa jua lilikuwa kali, akaupakata ule mfuko wa nailoni kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Nilikwenda naye. Afisa aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima kutoka mikoa ya kusini, mwenye adabu. Alizitoa karatasi moja moja, akazilinganisha na zilizokuwa kwenye faili lake, akamuuliza baba maswali machache ya kijiji chetu. Kisha akazirudisha kwenye mfuko mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Mzee, karatasi zako ni halali kabisa. Utusamehe kwa usumbufu."

"Asante, mama. Asante sana. Asante, mwanangu. Mungu akubariki. Asante."

Alishukuru mpaka tukatoka mlangoni, akashukuru na mlinzi wa getini, kana kwamba amepewa uraia upya na unaweza kuchukuliwa tena akisahau kusema asante. Tulipofika barabarani alichuchumaa pembeni, akakaa pale, hawezi kuinuka. Dereva wa bodaboda akauliza kama mzee anaumwa. Nilisema hapana. Nilikuwa nimesimama juu ya baba yangu namkinga na jua, na hapo ndipo huruma yote iliyokuwa imebaki ndani yangu kwa ajili ya yule mwanamke iliponitoka.

Kwa hiyo walipokuja Titye kuomba suluhu, walikuwa wamechelewa. Walikuja na mchungaji, na jogoo, na sukari. Mwenye duka mwenyewe alikuwapo, na wale wanakwaya wawili wa barazani wamekaa kila mmoja ubavuni kwake. Kesi ilikuwa imekwisha kusajiliwa mahakamani. Walitaka mimi, mlalamikaji, niseme sina tena shida na mtu.

Mchungaji alizungumza vizuri juu ya msamaha. Baba alitikisa kichwa kukubali kila neno. Nilipopewa nafasi, niliwageukia wale wanawake wawili.

"Shikamooni. Siku nilipoitwa mwizi mlikuwa mmesimama na vikapu. Mlikuwa mmekuja kununua nini?"

Mmoja akasema, "Mwanangu, yamepita hayo."

"Kwenu yamepita."

Kisha nikamwambia mwenye duka nilichotaka. Siku ya soko, asimame kwenye baraza lile lile, aseme kwa sauti ile ile: huyu hakuniibia, baba yake ni Mtanzania halali, mwenye karatasi za uongo nilikuwa mimi. Akifanya hivyo, nitakwenda mahakamani kusema amenitaka radhi nami nimeridhika, na sheria itaamua yake.

"Barazani?" alisema. "Mbele ya wale watu wote? Mwanangu, unataka kuniua."

"Mbona wewe ulimuua baba yangu mbele ya wakaguzi, na leo amekukaribisha kiti?"

Baba hakuwa akilijua hilo. Sikuwa nimemwambia. Alimtazama mgeni wake, kisha akanitazama mimi, na nadhani alinikasirikia mimi zaidi kwa kulisema kuliko yeye kwa kulitenda.

"Inatosha," baba alisema. "Kisasi ni cha Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi, baba. Hii nitamsaidia."

Aliinuka, akatoka nje, akaenda kusimama migombani. Mama yangu, ambaye alikuwa kimya muda wote, akamrudishia mchungaji jogoo.

Mahakamani hakubisha. Saini zilikuwa nyingi mno, na za siku ambazo mwenyekiti wa kijiji chetu na nusu ya Titye walikuwa wameniona shambani. Karani alisoma mashtaka moja baada ya jingine: kuendesha biashara ya dawa bila mtu mwenye sifa, kutoa maelezo ya uongo ili kupata kibali, kuweka kumbukumbu za uongo. Baada ya kila shtaka hakimu alimuuliza kama ni kweli au si kweli, naye akajibu, "Ni kweli." Niliketi benchi la mbele nikiwa nimevaa blauzi nyeupe, safari hii ya kwangu mwenyewe. Wengine hupenda nyimbo. Mimi nilipenda zile "ni kweli" zake, kila moja ikitoka ndogo kuliko iliyotangulia.

Alihukumiwa faini, la sivyo kifungo. Kibali kikafutwa, akazuiwa kushika kingine. Mumewe aliuza kiwanja ili asiende jela. Mkamwana wake, kwa vile aliagizwa na alieleza yote aliyoyajua, alionywa akaachiliwa, na nikasikia amejifungua mtoto wa kike. Mjini kukawa na maneno kwamba nimeibomoa nyumba ya mtu aliyenilea. Sikumjibu yeyote. Kama ningeitunza nyumba ile kwa jina langu, siku moja ingemwangukia mtoto wa mtu.

Lakini barazani hakuwa amesimama, na faini ile haikuwa imemfikia baba yangu. Kwa hiyo niliposikia kwamba Jumapili fulani atatoa ushuhuda kanisani ili arudishwe kwenye kwaya, niliondoka Kibondo mapema, nikawahi kiti cha katikati. Baba na mama walikuwa mbele yangu.

Aliitwa, akasimama na kitambaa mkononi. Alisema amepita kwenye moto. Alisema adui alimjaribu. Alisema, "Na kama yupo humu ambaye kwa namna moja au nyingine nilimkwaza, namwomba anisamehe kwa jina la Bwana."

Watu wakaanza kusema amina. Nikasimama.

"Nipo," nikasema. "Ni mimi. Sema ulinikwaza kwa lipi."

Baba hakugeuka, ila niliona shingo yake imekakamaa. Mchungaji akainua mkono kuniomba niketi. Sikuketi.

"Nilikusingizia," mwenye duka alisema.

"Kwamba?"

"Kwamba uliniibia. Hukuniibia."

Mtu wa kwaya akaanzisha pambio upande wa kulia, la kufunika aibu. Nikasema, "Bado. Hajamaliza," na pambio likafa.

Alinitazama kwa muda mrefu. Hakukuwa na majuto machoni mwake, nami sikuwa nayatafuta. Nilikuwa natafuta maneno.

"Na karatasi za baba yake," alisema, "ni halali. Za uongo zilikuwa zangu."

Ndipo nilipoketi. Mchungaji akatuita mbele tukumbatiane. Nilikwenda, nikampa mkono. Alifungua mikono yote miwili, nikaiacha hivyo hivyo. Kumkumbatia hakukuwa kwenye sheria yoyote niliyowahi kusoma.

Sasa nafanya kazi Kibondo kwa yule mjane. Dawa nikitoa naandika, siku nisipokuwepo tunafunga, na wateja wanaonuna wananuna. Baba alikaa muda hanisemeshi zaidi ya salamu. Yeye na yule mwanamke husalimiana sokoni vizuri tu, huulizana hali ya mazao. Mimi nikimwona navuka barabara, naye hubaki upande wake.

Nilipokwenda Titye mara ya mwisho nilimkuta baba ameketi nje anamenya muhogo wa kuloweka. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu, tukamenya pamoja. Akaniuliza, bila kuinua macho:

"Sasa umeshiba?"

Nilijua anaulizia nini. Ningeweza kumpa jibu la kanisani.

"Nimeshiba, baba."

"Na tumbo halikuumi?"

"Hata kidogo."

Akatikisa kichwa, akatupa muhogo kwenye beseni, akaniambia nisogee, namzibia mwanga.